Jibu Langu Kwenye Intavyu Lilikuwa la Nyandeng

Ijumaa, Februari 2013. Lodwar.

Joto la leo halina adabu. Nimeketi saiba karibu na stendi, feni imekufa, na nywele zangu zimejaa vumbi la barabara ya Kakuma kwa sababu nimeshuka garini na kuja hapa moja kwa moja. Hata nyumbani sijafika. Mama akijua nimepita karibu na mlango wake nikaja kukaa mbele ya kompyuta, atanisema mpaka Jumapili. Lakini nikifika kwake ataanza vigelegele, majirani watamiminika, na mimi sitaweza tena kusema hili ninalotaka kusema.

Nimepata kazi.

Haya, mmesikia. Nyinyi watatu au wanne mnaosoma hapa mnajua nimeililia kazi mwaka mzima mpaka mkachoka na mimi. Leo nimetia sahihi barua, nimepewa nakala yangu, iko hapa mapajani ndani ya bahasha ya kaki. Na ninachohisi si furaha. Ni wivu. Wivu ule ule wa siku zote, kwa mtu yule yule wa siku zote, na safari hii umenishika vibaya kuliko zamani.

Wacha nianze na lile swali lao, maana ndilo lililonifikisha hapa. "Unajiona wapi miaka mitano ijayo?" Sijui nani alilitunga. Kila jopo la intavyu linalo, na wakilitoa wanaegemea nyuma kama watu waliokwisha kula.

Mimi swali hilo hunimaliza kabisa. Nina diploma ya maendeleo ya jamii, na tuambiane ukweli, hiyo ni kozi ya mtu asiyejua anataka nini. Ndani yake kuna kila kitu kidogo kidogo: maji, mifugo, vijana, kina mama, miti. Mwaka jana nilienda intavyu nne hapa Lodwar. Ya kwanza ilikuwa ya mradi wa maji, nikasema ndoto yangu tangu utotoni ni maji. Ya pili ilikuwa ya mifugo, ndoto yangu ya utotoni ikawa mbuzi. Ya tatu ilikuja wakati ule habari za kupatikana mafuta huku Turkana zilipotoka na mji mzima ukaingia wazimu, kila kijana ana mpango wa miaka mitano, hata wale wasiojua jioni watakula kwa nani. Nikasema ndoto yangu ni mafuta. Mzee mmoja wa jopo akaniuliza, "Mafuta gani?" Nikamjibu, "Yote."

Ya nne ndiyo aibu yenyewe. Chuoni tulifundishwa kwamba jibu la mtu anayejiamini ni kusema unajiona umekaa kwenye kiti cha anayekuuliza. Basi nikamwangalia mkurugenzi, mtu mzima mwenye mvi, nikamwambia, "Miaka mitano ijayo najiona kwenye kiti chako." Akavua miwani. Akauliza polepole, "Na mimi nitakuwa nimekufa?"

Hakuna aliyecheka. Nilitoka nimeshika faili langu kifuani, nikasahau hata kuaga.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama kwamba kazi imepewa mtoto wa mkubwa fulani. Mama akawalaani wakubwa wote jioni nzima huku akisuka vikapu vyake vya mkoma, na mimi nikamsaidia kuwalaani. Ndivyo nilivyo, nimeamua leo nisifiche kitu.

Desemba baba mdogo Lokwang alikuja kutoka upande wa Lorugum, anakochunga, akaleta mbuzi wa Krismasi. Kwetu mbuzi akichinjwa wazee hawawezi kuacha matumbo hivi hivi. Huyatandaza chini na kuyasoma: mvua iko upande gani, ugonjwa unatoka wapi, wapi pa kuhamishia mifugo. Baba mdogo alikuwa amechutama na kijiti chake, anafuata mishipa, wenzake wamemzunguka. Nikamwambia nusu kwa utani, "Baba, niangalie na mimi. Miaka mitano ijayo nitakuwa wapi?"

Akaangalia kweli, tena kwa makini. Akasema, "Hapa kijito kimekauka. Hapa mbuzi watakohoa. Ofisi sioni." Kisha akaniangalia kwa huruma. "Haya ni matumbo ya mbuzi, mwanangu. Yanajua mambo ya mbuzi. Lakini hao watu wa ofisi, wanakuuliza miaka mitano, kwani wao wanaijua yao?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Nilicheka nao. Ila moyoni nilimwonea wivu baba mdogo. Yeye huenda mahali majani yalipo, na hakuna mtu anayemkalisha kwenye kiti cha plastiki kumwambia ataje kisima atakachonyweshea mbuzi mwaka wa tano.

Sasa nifike kwa Nyandeng.

Nyandeng ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Wakati huo baba yangu alikuwa bawabu kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na mimi nikasomea shule ya sekondari ya ndani ya kambi, dawati moja na yeye. Yeye ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alifika akiwa mtoto wa miaka tisa. Ni mrefu, mweusi wa kung'aa, sauti yake iko chini sana mpaka watu huinama kumsikiliza. Mimi hupiga kelele na hakuna anayeinama.

Nimemwonea wivu kwa mambo mengi na nimeyahesabu yote kichwani miaka hii. Alama zake za shuleni. Mwandiko wake. Kwamba yeye alipewa daftari na mashirika na mimi, mwenye ardhi, nilikuwa nanunuliwa langu na baba. Nilikuwa nasema kwa sauti darasani, "Hawa wageni wanapewa kila kitu," na yeye anasikia, anafungua daftari lake jipya katikati, anang'oa kurasa na kunipa. Nilikuwa nazichukua, halafu nachukia zaidi.

Lakini hayo yote ni madogo. Wivu wenyewe, ule uliokula roho yangu, ni huu: Nyandeng anajua anachotaka.

Anataka kuwa mkunga. Amejua tangu safari ile ya kuja. Mama yake alikuwa mjamzito, na kabla hawajafika Lokichoggio uchungu ukamshika kando ya barabara. Kulikuwa na wanawake wengine lakini hakuna aliyejua la kufanya. Mtoto wa kike akazaliwa, akaishi siku tatu. Nyandeng alinisimulia hayo mara moja tu, kidato cha pili, tukiwa tumekaa nyuma ya tangi la maji, na hakulia. Akamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo mimi nitakuwa mkunga," hivyo tu, na kengele ikalia tukaingia darasani.

Nakumbuka nilichofikiria nikiingia darasani. Sikufikiria "maskini Nyandeng." Nilifikiria: kwa nini mimi sina kitu kama hicho?

Nilimwonea wivu hata msiba wake, kwa sababu msiba ulimpa jibu.

Ana daftari lenye ramani ya nyumba ya kujifungulia atakayojenga siku moja. Limechakaa, ameligundisha kwa utepe. Kuna chumba cha kusubiri kwa wanawake wanaotoka mbali, wafike wiki mbili mapema wasizalie njiani. Nje kuna kivuli cha waume na punda. Na vitanda ni vifupi, karibu na ardhi, kwa sababu anasema wanawake wengi wa kwao na wa kwetu wanataka kupiga magoti wakati wa kuzaa, na vitanda vya hospitali vinawatisha. Kila kitanda kina kamba juu yake, inaning'inia kutoka kwenye paa, ya kushika.

Mtu wa hivyo ndiye angepata kazi, au siyo? Lakini mkimbizi haajiriwi. Nyandeng yuko kwenye kliniki moja ya kambini mwaka wa nne sasa, anakalimani, anapima kina mama, anawashika mikono, anajua faili zote kwa kichwa, na cheo chake ni "mhudumu wa insentivu," maana yake anapewa posho kidogo ya kumtia moyo. Mshahara ni wa mtu mwenye kitambulisho cha Kenya.

Mwenye kitambulisho ni mimi.

Januari ikatoka nafasi kwenye kliniki hiyo hiyo: afisa wa afya ya kina mama katika jamii, mwenyeji wa Turkana, diploma. Aliyenipigia simu kuniambia ni Nyandeng mwenyewe. Alisema, "Akiru, hii ni yako. Leta karatasi haraka." Nikamshukuru, nikakata simu, nikakaa na hasira dakika kumi. Ati mtu anakuonyesha kazi kwa wema wake na wewe unakasirika. Nilikasirika kwa sababu alijua kazi inayonifaa na mimi sikujua.

Nilifika Kakuma siku moja kabla ya intavyu nikalala kwake. Mchana ule tulikaa mbele ya nyumba yake, akanipikia chai ya maziwa yenye tangawizi, akajifanya jopo. Alikaa wima, akaweka daftari lake mapajani kama faili, akauliza, "Dada Akiru, unajiona wapi miaka mitano?"

Nikamwambia, "Labda Nairobi. Labda nimeolewa. Labda nauza mitumba, sijui. Niulize swali lingine."

Akacheka kwa mkono mdomoni. Halafu akaacha kucheka akasema kitu ambacho nakiandika hapa kwa faida yenu, maana mimi hakikunifaidi. "Usiseme uongo. Waambie hujachagua, lakini uwaambie unajua nini. Wewe unajua kuongea na kina mama, hata wale hawapendi kliniki. Unajua njia zote za hapa mpaka Lorugum. Unajua kuuliza. Sema, mimi naanza na hii, na hii kazi itanionyesha. Si mbaya. Watu wengi wanaanza hivyo."

Leo naona lilikuwa jibu zuri, na lilikuwa langu. Siku ile nilisikia tu mtu aliyeshiba akimfundisha mwenye njaa kutafuna. Rahisi kwake, nikasema moyoni. Yeye ana ramani, mimi ananipa "naanza na hii." Isitoshe nilishawahi kusema "sijui" kwa watu wa jopo, kwenye ile ya mifugo, waliponibana swali la pili, na nikaona kalamu ikifungwa.

Asubuhi tukaenda pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa amewekwa mlangoni kuita majina. Tulikuwa saba. Chumba cha intavyu ni cha mabati, kuta zake hazifiki juu, kumeachwa nafasi ya hewa, na nje jenereta inanguruma mpaka unahisi kwenye meno. Wale waliotangulia walitoka wakifuta jasho. Nyandeng akasoma jina langu kwa ile sauti yake ya chini, na nilipompita akanigusa kiwiko. "Ongea ukweli tu," akasema.

Ndani walikuwa watatu. Wanaume wawili na mama mmoja wa makamo, mwenye kitambaa cha kijani, ambaye ndiye mkuu. Maswali ya mwanzo yalienda. Chanjo, mila, kutembelea maboma, hayo nayajua. Kisha yule mama akaegemea nyuma, na nikajua linakuja.

Haki ya Mungu nilifungua mdomo niseme "bado sijachagua." Lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikaona kalamu yake.

Nikasema, "Nataka kuwa mkunga."

Kisha nikaendelea. Nilisema kuhusu chumba cha kusubiri. Nilisema kuhusu kivuli cha punda, na wanaume wawili wakatabasamu. Nilisema vitanda viwe vifupi. Mmoja akauliza kwa nini, nikampa sababu neno kwa neno, magoti, kamba, hofu. Yule mama akaweka kalamu chini akauliza, "Hayo umeyatoa wapi, binti yangu?" Na mimi nikamwambia mama yangu alishikwa na uchungu kando ya barabara tukitoka Lorugum, nikiwa na miaka tisa. Nikasema hakuna aliyejua la kufanya. Nikasema siku tatu.

Mimi mama yangu alinizaa hospitalini, kitandani, mvua ikinyesha, ndiyo maana naitwa Akiru. Na mimi ni kitinda mimba. Hakuna mtoto aliyezaliwa baada yangu, njiani wala popote.

Nakumbuka feni ya juu ilipunguza mwendo, ikasimama. Jenereta ilikuwa imeisha mafuta. Kukawa kimya na nikasikia sauti yangu ilivyo kubwa, lakini nilikuwa nimeshaingia ndani ya ile hadithi na sikutaka kutoka. Ilikuwa tamu. Naandika neno hilo na naona haya, lakini ilikuwa tamu kuwa mtu anayejua. Yule mama aliinua ncha ya kitambaa chake akajifuta macho. Akauliza, "Alipewa jina?"

Nikasema, "Nakiru." Ndilo jina la kwanza lililonijia, na bila shaka lilifanana na langu.

Nilipotoka Nyandeng alikuwa amekaa kwenye benchi lake na orodha. Akanipa maji kwenye kikombe cha plastiki. "Pole na maswali," akasema. Akaita jina la mtu aliyefuata. Nilimwangalia usoni nikaona ni uso wake wa kila siku, nikashukuru, nikasema moyoni kelele za jenereta zimeniokoa. Mtu akitaka kujidanganya hata jenereta aliyoisikia mwenyewe ikizimika huisahau.

Wiki tatu nimezunguka Lodwar nikingoja simu. Nilikuwa naomba Mungu waninyime na naomba wanipe, sala zote mbili kwa pumzi moja. Juzi wakapiga. Wamenipa.

Leo asubuhi nimeenda kutia sahihi. Yule mama alinishika mikono yote miwili, akaniambia alirudi nyumbani siku ile na kuwasimulia binti zake. Nikasema asante mama. Barua inasema nitasimamia wahudumu wanane wa insentivu, majina yao yameorodheshwa chini, na jina la kwanza ni Nyandeng. Nitakuwa nikimtilia sahihi siku alizokuja kazini. Mimi, ambaye shuleni nilikuwa nanakili hesabu zake.

Yule mama akasema, "Nyandeng atakuzungusha uione kliniki." Akamwita.

Tulisalimiana mbele ya watu. "Ejok," akasema. Yeye hunisalimu Kiturkana tangu shuleni, na mimi sijawahi kujifunza salamu hata moja ya kwao. Nikajibu, "Ejok-noi." Akanionyesha stoo. Akanionyesha meza ya kupimia uzito. Akanionyesha mahali faili zinakaa na jinsi anavyozipanga, kwa kambi na kwa kijiji, ili mama akija asisubiri. Nilikuwa namfuata nyuma na bahasha yangu, natafuta la kusema. Kisha tukaingia chumba cha kujifungulia, hakuna mtu, vitanda vitatu. Vyote virefu, vya chuma.

Akaweka mkono juu ya kimoja. Kilimfika kiunoni, na yeye ni mrefu.

"Kitanda ni ya juu, unaona," akasema. "Mimi nimewaambia miaka minne. Wewe utawaambia, watasikia."

Nikasema, "Nyandeng."

"Nilisikia yote. Jenereta ilizima." Hakupandisha sauti. Ilinibidi niiname kumsikia, kama watu wote. "Mara ya kwanza nilikasirika, wiki moja hivi. Halafu nikasema, sawa. Mimi ningekaa na hiyo daftari mpaka nizeeke. Sasa ndoto yangu iko na kitambulisho. Itumie. Weka kitanda chini, weka kamba. Hiyo nimekupatia."

Nilianza kulia, na ninajijua, nusu ya kilio kilikuwa cha nafuu. Nilidhani nimesamehewa. Nikaanza kusema asante.

"Ngoja," akasema. "Mdogo wangu unirudishie."

Nikajifuta uso kwa bahasha.

"Huyo si wa intavyu. Na hakuitwa hiyo jina ulisema. Yeye anaitwa Abuk."

Kisha akatoka, kwa sababu kulikuwa na mama amefika na mtoto mgongoni, na Nyandeng hawezi kumwacha mama akisubiri. Nikamsikia akimsalimu kwa Kiarabu cha Juba huko nje, wakicheka kitu.

Abuk.

Miaka tisa ya urafiki. Nimekula kwake, nimelala kwake, nimechukua kurasa za daftari zake. Aliniambia mambo hayo nyuma ya tangi la maji na mimi sikuuliza jina. Yule mama wa kitambaa cha kijani, mgeni kabisa, lilikuwa swali lake la pili. Mimi nilikuwa na shughuli nyingine, nilikuwa namwonea wivu.

Na mbaya zaidi, bado ninamwonea. Nimekaa hapa na barua ya kazi, yeye amebaki kule na posho yake, na bado ninamwonea wivu. Nilichukua maneno yote, hata kamba ya kwenye paa sikuiacha, na ule utakaji wenyewe umebaki kwake mzima. Nimeingia chumba kile leo nikaona vitanda. Yeye akaona kitanda kirefu. Mtu hawezi kuiba macho ya mwenzake, nami ndiyo niliyoyataka.

Nimefikiria njia zote garini. Ninaweza kukaa kimya, nishushe vitanda, nifunge kamba, nimtendee Nyandeng wema mpaka asahau. Najua hatasahau. Ninaweza kuikataa kazi kwa simu, niseme mama anaumwa, niendelee kuwalaani wakubwa. Hapo pia nitakuwa nimemwacha Abuk mikononi mwa yule mama kwa jina la uongo, na binti zake wameshasimuliwa. Kila njia niliyoitazama ilikuwa na uongo mpya ndani yake, isipokuwa moja, na hiyo moja inaweza kunivua kazi kabla sijaivaa. Nikiivuliwa, vitanda vitabaki virefu. Hilo nalo nimelifikiria, na linaniuma. Labda ndicho kitu cha kwanza kuniuma ambacho si changu.

Jamaa wa saiba ananitazama. Nadhani anafikiri nimeachwa na mwanaume.

Sasa nitaenda nyumbani. Mama atapiga vigelegele na nitamwacha avipige, nimeshindwa kumnyima. Kisha nitamketisha nimwambie yote, pamoja na yale ya mtoto wa mkubwa fulani, na kwamba nimemzalisha kando ya barabara ambayo hajawahi kuzalia. Atanipiga kwa kikapu. Sawa tu.

Jumatatu kazi inaanza saa mbili asubuhi. Kabla sijakaa kwenye meza yoyote nitaenda mlangoni kwa yule mama, nitamwomba dakika tano, na sitasubiri anikaribishe kiti. Nimeandika cha kwanza kusema kwenye kiganja, kwa kalamu ya hapa saiba, maana najijua, nikiona kalamu yake ninaweza kusema chochote. Kimeandikwa hivi: "Mtoto anaitwa Abuk, na si wa kwetu. Ni mdogo wake Nyandeng." Akiniuliza kwa nini nilifanya hivyo, nitamwambia sikuwa na jibu langu. Akiniuliza sasa ninalo, nitamwambia bado.

Miaka mitano ijayo sijui nitakuwa wapi. Jumatatu saa mbili, hiyo ninajua.